Kuutengeneza ukuta uliobanduliwa karatasi kabla ya kuupaka rangi

Wengi wetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunapobandua karatasi za ukutani, zile tunazoziita papye-penti, hudhani kazi imekwisha pindi kipande cha mwisho kinapodondoka. Kumbe gundi imebaki ukutani, na gundi ndiyo huiharibu rangi. Katika sebule yetu ya Nyawera tuliwahi kupaka rangi ya maji juu ya ukuta uliopanguswa kwa kitambaa tu. Baada ya majuma machache rangi ilipasuka vipande vidogo vidogo kama tope lililokaushwa na jua, ikatubidi kuikwangua yote.

Kwa hiyo anza kwa kuosha. Tia ndooni maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, ongeza sabuni kidogo, lowesha sehemu ya mita moja hivi kwa sifongo, na baada ya dakika tano hadi kumi uukwangue ule ute kwa kisu kipana cha mastiki, yaani ule uji mzito wa kuzibia nyufa na mashimo, kisha usuuze. Badilisha maji mara kwa mara, kwani maji yaliyojaa gundi huirudisha palepale ilipotoka. Halafu pitisha kidole kilicholowa: ukihisi utelezi, rudia. Gundi ya wanga hutambulika pia kwa iyodi ya duka la dawa iliyozimuliwa kwa maji, kwa sababu tone lake likigusa wanga hugeuka buluu iliyokoza hata kukaribia weusi. Gundi ya selulosi haibadiliki hivyo, basi usiache kujaribu kwa kidole.

Katika nyumba zilizojengwa kabla ya uhuru wa 1960, rangi ya zamani iliyojificha chini ya karatasi yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Usiisugue ikiwa kavu. Iloweshe kwanza, vaa barakoa, na watoto wakae mbali.

Unyevu nao unataka subira. Mji wetu umejengwa kwenye miteremko, mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei, na ukuta ulioegemea udongo wa kilima hunywa maji kutoka nyuma. Ukiona madoa au unga mweupe wa chumvi, tafuta kwanza maji yanakotoka, iwe ni mfereji ulioziba au bati lililotoboka, maana hakuna mastiki inayozuia maji. Kuvu huoshwa kwa zhaveli, yaani dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, iliyozimuliwa, madirisha yakiwa wazi. Kamwe usiichanganye na siki wala amonia. Kama kazi yaweza kungoja, Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri.

Sasa gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Lipu inayolia kama debe tupu imeachana na matofali: ibomoe hadi ufikie sehemu imara, futa vumbi, lowesha, kisha uzibe kwa mchanga na saruji. Kiraka hicho kiache wiki nne hivi kabla ya rangi, kwa kuwa saruji mbichi ina ukali unaoila rangi ya mafuta. Ufa mwembamba upanue kidogo kwa ncha ya kisu ili mastiki ipate pa kushika. Mashimo yajaze kwa tabaka nyembamba, kila moja likauke kabla ya linalofuata, na la mwisho lizidi usawa wa ukuta kidogo, kwa sababu mastiki hunywea inapokauka. Piga msasa namba 120, umalizie na 180.

Usiku, zima taa zote, ushikilie tochi sambamba na ukuta. Kila kovu litatoa kivuli chake. Litie alama ya penseli, ulirekebishe kesho yake. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha paka rangi ya msingi ukuta mzima, si kwenye viraka pekee, kwani mastiki hunywa rangi kuliko lipu ya zamani na viraka vingeonekana hata baada ya mikono miwili ya rangi. Rangi ya msingi ikikauka, rudi na tochi mara moja zaidi kabla ya kufungua kopo la rangi yenyewe.