Namna ya Kuhuisha Katriji ya Tona Iliyokwisha

Stesheneri za Tabora huchapa mitihani ya shule na barua za maombi ya kazi, na katriji mpya inapokosekana mjini mteja hawezi kusubiri mzigo wa Dar es Salaam. Ndiyo maana wengi hutoboa tundu kwa chuma cha moto, wakamimina tona, yaani unga wa wino wa printa ya leza, na kuliziba kwa selotepu. Kurasa za mwanzo hutoka safi, kisha michirizi myeusi huanza, kwa kuwa chumba cha taka, yaani cha tona iliyobaki baada ya kuchapa, kilichokwisha kujaa hakikumwagwa.

Tuchukue HP 12A, katriji ya printa za leza za HP, ambayo haina chipu ya kielektroniki na ikiwa mpya huchapa takriban kurasa 2,000. Vaa barakoa, tandaza magazeti, na ufunge madirisha, hasa wakati wa kiangazi, maana vumbi letu ni adui wa kazi hii. Chomoa pini mbili za ubavuni ili katriji igawanyike: upande mmoja una chumba cha tona, wa pili una dramu, yaani silinda inayobeba picha ya ukurasa, na chumba cha taka. Dramu ishikwe ncha zake tu na ifunikwe mara moja kwa kitambaa cheusi, kwa sababu mwanga huiharibu. Kisha fungua skrubu za kipangusio, yaani kisu cha mpira kinachokwangua tona iliyobaki kwenye dramu, na umwage taka yote ndani ya mfuko. Usiirudishe kamwe kwenye tona mpya, kwani imechanganyika na vumbi la karatasi.

Hapa ndipo pa kutulia. Kagua ukingo wa mpira wa kipangusio, na ukiwa umechanika, badilisha. Rola ya chaji, ile inayoipa dramu umeme, ifutwe kwa kitambaa laini kikavu, si kwa spiriti. Doa linalojirudia kila milimita 75 hivi ukurasani hutoka kwenye dramu; likijirudia kila milimita 38, chanzo ni rola ya chaji. Kabla ya kuunganisha, ipake dramu unga kidogo wa kulainisha, la sivyo kipangusio kitakunjika inapoanza kuzunguka.

Tona iwe ya HP 12A, takriban gramu 100, iingizwe kupitia kizibo cha ubavuni. Ile inayouzwa kuwa inafaa printa zote siishauri, kwa sababu tona hutofautiana kwa chaji na kwa joto la kuyeyukia.

Tona iliyomwagika ifutwe kwa kitambaa chenye maji baridi, kwani ya moto huigandisha. Taka ifungwe katika mifuko miwili na isichomwe: ni unga wa plastiki, na ukitimka karibu na moto unaweza kulipuka. Mwisho, andika kwenye katriji tarehe ya kujazwa, ili ujue dramu hiyo imetumika kwa muda gani.