Somo: Choo kipo, lakini mtoto wa paka ananya kwenye kanga

Nianze na kosa langu mwenyewe. Paka wangu wa kwanza hapa Ilazo, Dodoma, nilimchukua kwa ajili ya panya, maana walikuwa wananimalizia gunia la mtama. Siku ya tatu akanya juu ya kanga nilizokwisha kukunja. Nikafanya nilichokuwa nikiona kinafanywa nyumbani tangu utotoni: nikamshika shingo, nikamsukumia pua kwenye uchafu wake, nikamtia na kofi. Kuanzia hapo hakujisaidia tena mbele yangu. Alihamia uvunguni, nyuma ya begi la nguo za baridi, nami nikaja kujua kwa harufu. Hakujifunza kwamba kanga si choo. Alijifunza kwamba mimi nikiwepo haja ni hatari.

Basi kofi weka pembeni. Paka anazaliwa na hamu ya kufukua na kufukia, hilo hulifundishi. Kazi yako ni kumwekea mahali anapopaona bora kuliko kanga zako.

Kwanza, umri. Chini ya wiki 3 hawezi kujisaidia mwenyewe, mama yake anamlamba ndipo haja itoke. Kati ya wiki ya 3 na ya 4 utaona anaanza kuparua parua chini. Hapo ndipo pa kuanzia. Ukiweza kumwacha na mama yake hadi wiki ya 8, nusu ya kazi atakuwa ameifanya mama.

Pili, chombo. Sinia pana la plastiki au beseni fupi linatosha. Ukingo wa mbele usizidi kama sentimita 5, kwa sababu kitoto chenye miguu mifupi hakitapanda ukuta huku kimebanwa na mkojo. Mimi natumia dumu la lita 20: unalilaza, unakata ubavu wote wa juu, kisha unashusha mlango upande mmoja. Kingo zipitishe kwenye moto kidogo zisimkate. Akikua utamtafutia kubwa zaidi, lenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake.

Tatu, cha kujazia. Hapa ndipo wengi tunapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchanga wa korongo ndio rahisi kwetu Dodoma, ila uchekeche. Paka anapenda chembe laini, kokoto zinamchoma nyayo. Ubaya wake ni kwamba haunyonyi, mkojo unashuka wote chini na kuvunda. Tandika magazeti chini yake, na usisubiri wiki nzima kuubadilisha. Usichukue mchanga uliokwisha kuchanganywa na saruji, unaunguza.

Maranda ya fundi seremala yananyonya vizuri na ni mepesi kutupa. Muulize fundi ni ya mbao gani. Mbao za kupaulia zile za kijanikijani zimetiwa dawa ya wadudu, maranda yake usiyaingize ndani. Na kama choo kiko barazani, ule upepo wetu wa Julai utakutawanyia maranda hadi jikoni.

Makapi ya mpunga nayo yanafaa. Majivu hapana: yana vumbi, na yakilowa yanachubua. Chenga za mkaa niliwahi kujaribu. Harufu kweli zilikata, lakini asubuhi nilikuta nyayo nyeusi kuanzia mlangoni hadi kwenye shuka jeupe la mgeni.

Ule mchanga wa dukani unaoganda ukilowa, mwachie paka mkubwa. Watoto wanaonja kila kitu, na ukiganda tumboni ni balaa. Subiri angalau afike miezi 4.

Jaza kina cha sentimita 3 hadi 5. Ukishapata anachokubali, usibadilishe ghafla.

Nne, mahali. Pawe kimya, na mbali na sahani ya chakula. Hakuna kiumbe anayependa kula chooni. Paka mmoja awekewe vyoo viwili, wawili vitatu. Najua chumba na sebule hakina nafasi hiyo, lakini hata kimoja kila chumba kitakuokoa.

Tano, wiki ya kwanza. Usimwachie nyumba nzima. Mfungie chumba kimoja chenye maji, chakula, pa kulala na choo. Mpeleke chooni akiamka, akimaliza kucheza, na ndani ya dakika 20 baada ya kula. Mweke taratibu, umwache. Usimkamate mikono ukamlazimisha kufukua, wengi wanachukia choo kwa sababu hiyo tu. Akifanya, msifie au mpe kipande cha dagaa. Akikosea, chukua kile kinyesi ukiweke juu ya mchanga wake. Pua ndiyo inayomwongoza, na siku za mwanzo acha alama kidogo ya harufu yake humo. Akimaliza siku tatu au nne bila kukosea, mfungulie chumba cha pili.

Sita, kufuta alipokosea. Akinusa mkojo wake atarudi pale pale. Nyonya kwanza kwa kitambaa kikavu, osha kwa sabuni, kisha pitisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Godoro lianike jua la saa saba, siku mbili. Jik usimwage juu ya mkojo, mkojo una amonia na vikikutana vinatoa hewa inayobana kifua. Dettol nayo iache kabisa sehemu anazokanyaga paka: ina kitu cha jamii ya fenoli, ini la paka haliwezi kukishughulikia, na yeye hulamba nyayo kila saa.

Mwisho, ugonjwa. Mtoto aliyekuwa hodari akaanza kukosea ghafla, mwangalie kinyesi. Kama anaharisha, huenda ni minyoo, na haja inamwahi kabla hajafika. Dume anayechuchumaa mara kwa mara, analia, na hakitoki kitu au ni tone tu, mkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mrija wa mkojo ukiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili.

MASWALI YA WANACHAMA WA KUNDI LETU (kila mmoja nimemtaja kwa mahali anakoishi)

Nkuhungu: Shikamoo mama. Ninao wanne, watatu wanakwenda chooni vizuri, mmoja tu ananya nyuma ya mlango.

Marahaba mwanangu. Mchunguze huyo mmoja akielekea chooni. Mara nyingi ndugu zake wanamvizia wanamrukia, kwa hiyo ametafuta pa amani. Weka choo cha pili hapo hapo nyuma ya mlango alipopachagua. Akikizoea, kisogeze kidogo kidogo kila siku, kiasi cha hatua moja, hadi unapopataka wewe.

Kisasa: Dada, nina mimba ya miezi minne na mama mkwe anataka paka watolewe wote. Anasema wanaharibu mimba.

Hongera. Mama mkwe hajasema uongo mtupu, kuna vijidudu vya toksoplasma vinavyopita kwenye kinyesi cha paka na vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini vikitoka havina nguvu papo hapo, vinahitaji kuanzia siku 1 hadi 5 ndipo viambukize. Kwa hiyo baba wa mtoto ndiye asafishe choo kila siku, bila kuruka. Ikibidi ni wewe, vaa glavu kisha nawa kwa sabuni. Hivyo vijidudu vinapatikana pia kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa, na ukilima bustani vaa glavu. Mweleze mkunga kwamba unafuga paka. Na mama mkwe umweleze kwa upole, usimwonyeshe ujumbe huu.

Chamwino: Nimeokota watoto wawili kwenye boksi, macho hayajafunguka. Wanakunywa maziwa ila hawanyi, tumbo limevimba.

Kaka, hao wanahitaji ulimi wa mama. Chukua pamba, ichovye maji ya vuguvugu, uwasugue polepole chini ya mkia hadi itoke. Fanya hivyo kila baada ya kuwalisha, hata usiku. Kama maziwa ni ya ng'ombe, yaache, yanawaharisha. Muulize daktari wa mifugo maziwa ya watoto wa paka. Wapate joto kwanza kabla ya kula, wakiwa baridi hawasagi chakula. Tumbo likibaki gumu hadi kesho, wapeleke.

Kikuyu: Dume langu la miezi saba linasimama, linatikisa mkia na kurusha mkojo ukutani. Choo ni kisafi.

Hilo si suala la choo. Anaweka mipaka. Mhasi.

Nzuguni: Wangu amehitimu, lakini sasa amehamia kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga. Fundi ananitukana kila asubuhi.

Hapa nacheka kwa sababu Dodoma yote inajengwa. Ulimfundisha kwa mchanga, na jirani amemletea choo cha tani saba! Mwombe fundi afunike lundo kwa turubai jioni, na turubai ununue wewe. Huku ndani mbadilishie polepole: robo maranda kwa mchanga wiki ya kwanza, nusu wiki ya pili, hadi awe anatafuta maranda. Usiku mfungie ndani. Na asubuhi ya kesho nenda na chepe lako mwenyewe ukatoe kilichokwisha kufukiwa, kabla fundi hajakorogea zege.