Somo: Jinsi ya kufunga skrini ya mteremko kwenye machinjio

Wakuu, hili somo ni la wenye machinjio ya ng'ombe na mbuzi ambao mabwawa yao ya majitaka yanajaa tope upesi na majirani hawalali kwa harufu. Naongelea ile skrini isiyo na mota, uso wake ni nyaya za stenlesi zimelazwa kukingama na maji, maji yanateremka juu yake yanapenya nyuma, uchafu unateleza mpaka kwenye toroli. Ni kifaa kizuri sana ila wengi wanakiua siku ya kukifunga.

Hatua ya 1: anza sakafuni. Skrini inashika kigumu tu, kilichoyeyuka kinapita, na damu inapita yote. Lita moja ya damu inataka gramu 150 au zaidi za oksijeni mpaka ioze, wakati lita ya maji mazuri ya mto ina miligramu 8 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe. Damu iwe na mfereji wake na tanki lake, na tumbo lipasuliwe pakavu, yale majani yabebwe kwa toroli sio kusukumwa na mpira wa maji.

Hatua ya 2: nondo mtaroni, nafasi sm 2 hivi, zizuie kwato, kamba na mifuko.

Hatua ya 3, na hapa nawaomba msinipite haraka: skrini ikae KABLA ya pampu. Pampu ya kawaida inasaga kila kitu, kipande cha mafuta kinachoingia kama kidole kinatoka uji, na uji hamna skrini itakayoushika. Kama kiwanja kina mteremko wa kutosha, mita 2 hivi, tumia mteremko.

Hatua ya 4: nafasi kati ya nyaya. Kwa machinjio mm 1 inatosha, ukibana sana mafuta yanaziba. Waya wenyewe una umbo la pembetatu, ubapa uwe juu, ili nafasi ipanuke kwenda chini na kilichopita kisikwame katikati.

Hatua ya 5: sanduku la juu. Maji yaingie kwa chini, yatulie, yapande yamwagike ukingoni kwa upana wote. Weka pima maji kwenye ule ukingo, ukiinama kidogo tu upande mmoja unalemewa na mwingine unabaki mkavu.

Hatua ya 6: kuosha kila mkimaliza kuchinja. Maji ya baridi kwanza, ya moto baadaye, maana ukianza na ya moto damu inaganda kwenye nyaya. Mwagia kutokea nyuma, brashi ya nailoni, ya chuma hapana.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu yangu imefungwa vizuri tu ila uchafu unatoka na maji mengi, toroli linajaa supu.

Jibu: Kwanza ioshe kama hatua ya 6, baridi halafu ya moto, mara nyingi ni mafuta. Ikiendelea, zima maji halafu pitisha kucha kutoka juu kwenda chini, ukisikia inateleza bila kukwaruza basi makali ya nyaya yamelika, ndiyo yanayokata maji. Fungua paneli uizungushe, upande wa chini uje juu, ubapa ubaki usoni vilevile, utapata makali mapya.

Mdau 2: Hii stenlesi bei yake imenishinda, nikiweka wavu wa kofitrei je?

Jibu: Nakuelewa dada, ila manyoya yanajisuka kwenye wavu wa kusokotwa na hayabanduki kwa brashi, utakuwa unayang'oa kwa mkono kila siku. Bora ununue paneli ndogo ya kweli, fremu na sanduku achomelee fundi wa mtaani.

Mdau 3: Ile ya pipa linalozunguka si nzuri zaidi?

Jibu: Inajiosha yenyewe na haihitaji mteremko mkubwa, kwa machinjio makubwa yenye mafuta mengi naikubali kabisa. Ila ina mota, beringi na pua za kunyunyizia, umeme ukikatika katikati ya kazi imesimama.

Mdau 4: Maji yakishapita hapo naweza kuyaachia mtoni?

Jibu: Hapana kaka, hata yakionekana meupe. Bado yana mafuta laini na damu iliyooshwa sakafuni. Yapite mtego wa mafuta, yaende mabwawani, na kwa Tanzania kibali cha kumwaga unakiomba Bodi ya Maji ya Bonde lako, nenda nao mapema kabla hujachimba bwawa, watakwambia maji yapimwe nini na nini.