Dinari ya Kirumi ikikufikia mkononi, isome ivi

Wengi wetu dinari, sarafu ya fedha ya Warumi wa kale, tunaijua ya kwenye Mathayo 22 tu, ile ya kodi ya Kaisari, ila siku izi watu wanaagiza mtandaoni zinafika mpaka Dodoma alafu mtu anabaki anaigeuzageuza hajui aanzie wapi.

Kwanza usiisugue, si kwa majivu si kwa dawa ya meno, ule weusi wa zamani ndo unaoshikilia bei. Ipeleke kwa sonara yeyote hapa mjini akupimie, za enzi za Augustus, kaisari wa kwanza, zinacheza kwenye gramu 3.8 hivi, kaisari Nero akazipunguza mwaka 64 BK zikashuka karibu na 3.4. Ikinasa kwenye sumaku hiyo sio fedha.

Haya, upande wa kichwa. Maandishi yanazunguka ukingo na V inasomeka pia kama U, kwa hiyo AVG ni Augustus, cheo cha kaisari yeyote, IMP ni amiri jeshi, na TR P ni madaraka ya kaisari yaliyohuishwa kila mwaka, namba inayofuata hapo ndo inakusaidia kujua ya mwaka gani. Kichwa kikiwa na taji la miale ya jua na sarafu ni ya fedha, kwa kawaida hiyo sio dinari tena, ni sarafu aliyoanzisha kaisari Caracalla mwaka 215, inasemekana ilihesabiwa kama dinari mbili wakati madini ya fedha ndani yake hayafiki ya dinari mbili, serikali ni serikali.

Utamu uko nyuma. Mwanamke mwenye mizani mara nyingi ni Aequitas, haki. Mwenye usukani wa meli ni Fortuna, bahati. Anayelisha nyoka ni Salus, afya. Kwenye sarafu za kaisari Hadrian utamkuta Africa, jimbo lao lililochorwa kama mwanamke, kavaa ngozi ya kichwa cha tembo, nge mkononi. Sasa usimeze kila picha kama ilivyo, jiulize kwa nini mkubwa anataka uamini hilo. Kaisari Nerva alitoa sarafu yenye mikono miwili imeshikana, CONCORDIA EXERCITVVM, umoja wa majeshi, na mwaka 97 walinzi wake wenyewe wakamzingira ikulu, yani umoja ulitangazwa kwa sababu haukuwepo!

Ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, ya mwaka 42 KK haifichi kitu, majambia mawili, katikati kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, chini EID MAR, yani tarehe 15 Machi aliyouawa Caesar. Mtu akikuuzia hiyo kwa elfu hamsini, ni kopi.