Pancha: tafuta kilichotoboa kabla ya kushika kiraka

Pancha ya pili ndani ya saa moja, mara nyingi, ni ileile ya kwanza. Kiraka kimebandikwa vizuri, solesheni (gundi ya viraka) imeshika, lakini mwiba wenyewe haukutolewa. Tairi likirudishwa na kujazwa upepo, tyubu inakaa tofauti kidogo na ilivyokuwa, na mwiba unaitoboa upya pembeni ya kiraka.

Binti yangu, yuko kidato cha pili, yalimkuta haya akirudi kutoka Kisesa kwa bibi yake. Tairi la nyuma liliisha upepo kabla hajafika Igoma. Akasimama kwa fundi wa kando ya barabara, kiraka kikabandikwa haraka haraka, akalipa, akaondoka. Hajafika Buzuruga, tairi chini tena. Alisukuma baiskeli mpaka nyumbani Mabatini, hapa Mwanza, na kwenye keria kuna mfuko wa viazi vitamu aliopewa na bibi. Jioni ile tulifungua tairi wote wawili. Nikampa pamba, akaipitisha taratibu ndani ya tairi, ikafika mahali ikanasa. Ilikuwa mbigili, ncha yake moja tu, imekatikia ndani ya mpira. Kwa nje haikuonekana, na ukipapasa juu ya tairi husikii kitu. Tangu siku hiyo kwetu hakuna anayeshika kiraka kabla hajaonyesha kilichotoboa.

Naeleza hapa tunavyofanya kwa baiskeli kubwa za kawaida, zile za aina ya Phoenix zinazobeba maziwa, mkaa na samaki kila pembe ya Usukumani. Baiskeli za gia zinafuata utaratibu huohuo.

Uwe na viraka, kichupa cha solesheni, kipande cha msasa, pampu, beseni la maji, chaki, pamba kidogo na vijiko viwili vya chuma vinene, vyenye mpini laini usio na makali. Bisibisi iache mbali. Inafungua tairi upesi kweli, lakini inachana tyubu upesi vilevile, na tundu la bisibisi utalihesabu kama pancha mpya usiyojua imetoka wapi.

Kabla ya kugusa tairi, anza na valvu. Baiskeli nyingi za hapa zina valvu ya kimpira: kijiti cha chuma chenye tundu ubavuni, kimevalishwa mrija mwembamba wa mpira. Ukipampu, upepo unasukuma mrija na kupita. Ukiacha, mrija unarudi kubana tundu. Mrija ukizeeka unapasuka au kulegea, na upepo unatoka polepole usiku kucha. Jaza upepo, zungusha gurudumu hadi valvu iwe juu, ncha yake ikitazama chini, kisha inua kikombe cha maji mpaka valvu izame. Vipovu vikitoka, badilisha kimpira, kazi imekwisha. Nimeona watu wakifungua tairi zima na kutafuta tundu lisilokuwepo, kumbe tatizo ni kimpira.

Kama valvu ni nzima, geuza baiskeli kichwa chini, kiti na usukani vikae juu ya gunia. Gurudumu la nyuma huna haja ya kulitoa. Nati, cheni na breki viache vilivyo. Tyubu itavutwa upande mmoja na kuzibwa palepale. Sasa chukua chaki, piga mstari kwenye tairi pale valvu ilipo, na uandike K upande wa kulia. Hatua hii ndogo ndiyo itakayokuonyesha mwiba baadaye, kwa hiyo usiiruke hata kama kiza kinaingia.

Toa upepo wote uliobaki. Minya tairi kwa vidole gumba pande zote ili ukingo wake udondokee kwenye bonde la katikati ya rimu. Ukingo ukikaa bondeni, tairi linalegea upande wa pili na kijiko kinaingia bila kutumia nguvu. Ukiona unalazimisha, rudi ukaminye tena. Fungua ukingo wa upande mmoja tu, fungua nati ya valvu, vuta tyubu nje.

Pampu tyubu mpaka inenepe kuliko kawaida yake. Ipitishe polepole karibu na shavu, kwa sababu ngozi ya shavu inasikia upepo mdogo vizuri kuliko vidole. Usiposikia, ndipo beseni. Zamisha kipande kwa kipande, na hii ndiyo kazi ya mdogo wake binti yangu, ana miaka saba. Anapiga magoti mbele ya beseni, na kipovu cha kwanza kikipanda anaita, "Baba, kile pale!" Ukiona tundu moja, usitosheke, maliza mzunguko wote. Kisha kausha tyubu na uchore msalaba mkubwa wa chaki, mistari yake ifike mbali na tundu, maana utakaposugua na kupaka solesheni alama ndogo itafutika na utabaki unakisia.

Neno kwa wanaoishi karibu na ziwa. Pancha ikikupata ufukweni, usiingie majini kuzamisha tyubu, wala usiwatume watoto. Vimelea vya kichocho vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama humo. Tumia shavu, au mate kwenye ncha ya kidole, au maji ya chupa uliyobeba. Na baiskeli yenyewe ikaoshewe nyumbani kwa ndoo. Ukiizamisha ziwani, maji na mchanga vinaingia kwenye gololi na kuzila taratibu.

Sasa tundu umeliona. Hapa ndipo nawaomba watu watulie, kwa sababu tundu lenyewe linasema limetoka wapi.

Tundu moja dogo upande wa nje wa tyubu, ule unaogusa tairi, ni mwiba au waya. Kwetu mbigili zinaongoza kwenye vijia vya vumbi, na miiba ya migunga ukienda vijijini. Kando ya lami adui ni nyaya nyembamba za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Waya wa namna hiyo ni mwembamba kama unywele na unaweza kukaa ndani ya tairi kwa muda mrefu kabla haujafika kwenye tyubu. Laza tyubu juu ya tairi, valvu ikae penye mstari wa chaki, uone tundu linaangukia wapi. Hesabu pia upande wa pili, huenda tyubu imegeuka wakati wa kuitoa. Pitisha pamba ndani ya tairi eneo hilo, kisha mzunguko wote. Usipitishe kidole kitupu, na mtoto hasa usimruhusu. Pamba ikinasa, chomoa kilichonasa kwa koleo au kisukume kutoka ndani kwenda nje kwa sindano nene.

Tundu upande wa ndani, ule unaolalia rimu, halihusiani na barabara kabisa. Ni ncha ya spoku iliyotokeza, au ukanda unaofunika spoku umesogea au umechakaa. Hili hutokea sana baada ya spoku kukazwa. Piga tupa ncha iliyozidi, kisha funika rimu kwa ukanda mpya. Ukikosa, kata utepe mrefu wa tyubu ya zamani uuzungushe ukae katikati bila mikunjo.

Matundu mawili yaliyo sambamba, yameachana kidogo, ni tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na rimu. Mwanza tunaiona kila mara, kwa jinsi njia zetu za milimani zilivyo ngazi za mawe: Mabatini, Bugarika, Igogo, Kirumba kule juu. Tairi lina upepo mdogo, nyuma pana mtu au ndoo mbili za maji, gurudumu linagonga ukingo wa jiwe, basi. Humo hutapata mwiba hata ukitafuta hadi kesho. Dawa yake ni kiraka kimoja kikubwa kinachofunika matundu yote mawili, halafu upepo wa kutosha na kushuka taratibu ukiwa na mzigo.

Mpasuko kwenye shina la valvu ni habari nyingine. Upepo ukiwa mdogo, tairi na tyubu vinateleza juu ya rimu huku valvu imeshikwa na tundu lake, mpaka inachanika. Hapo kiraka hakishiki kwa sababu pana uvimbe wa mpira na chuma. Nunua tyubu mpya, na kabla ya kuifunga lainisha kwa msasa tundu la rimu inapopita valvu, kutu yake ina makali.

Kubandika hakuna siri. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka weusi unaong'aa ugeuke kijivu kisichong'aa. Tundu likiwa juu ya mshono wa tyubu, usugue mshono mpaka uwe sawa na pengine, la sivyo upepo utapita pembeni mwake. Futa vumbi. Paka solesheni nyembamba, itandaze kwa kidole, kisha ngoja kama dakika tano. Usiipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu. Iwe imekauka, ukigusa ukingoni inanata bila kulowesha kidole. Kiraka kinachobandikwa juu ya solesheni mbichi kinateleza na kubanduka njiani.

Dakika hizo tano watoto wanaziona ndefu, basi mimi huwasimulia kwamba tairi la upepo la baiskeli lilianzia kwenye baiskeli ya mtoto. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza mirija ya mpira yenye upepo mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, na mwaka 1888 akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Mdogo wao aliniuliza kama yule mtoto naye alipata pancha. Nikamwambia lazima alipata.

Bandika kiraka katikati ya msalaba, kikandamize kwa mgongo wa kijiko ukianzia katikati kwenda pembeni. Ukikata kiraka chako kutoka tyubu kuukuu, kifanye cha duara, maana pembe ndizo zinazoanza kubanduka, na nacho ukisugue na kukipaka solesheni.

Kurudisha tairi ndiko wengi wanakotoboa upya. Tia upepo kidogo tu ili tyubu iwe ya mviringo isijikunje. Ingiza valvu kwanza, kisha tyubu yote, halafu anza kurudisha ukingo wa tairi upande ulio mkabala na valvu, ukimalizia kwenye valvu. Tumia vidole gumba na viganja, kijiko kikae chini. Ukifika mwisho na panabana, minya tena tairi pande zote liingie bondeni. Kisha sukuma valvu juu kuelekea ndani ya tairi na uivute irudi, ili tyubu isibaki imebanwa chini ya ukingo. Pitia mzunguko mzima pande zote mbili, ukitenga tairi na rimu kwa vidole. Ukiona weusi wa tyubu umechungulia, usipampu.

Jaza nusu, zungusha gurudumu, utazame kama mstari wa ubavuni unakwenda sawa na rimu. Ukiyumba, toa upepo, rekebisha, jaza tena. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Ukijazia kwenye mashine ya magari, mwambie anayejaza aende kidogo kidogo huku ukibonyeza tairi, maana tyubu ya baiskeli ni ndogo na mashine ile inaijaza kwa sekunde chache mpaka ikapasuka.

Kwa safari, binti yangu sasa ana mfuko mdogo chini ya kiti: viraka, msasa, vimpira viwili vya valvu, pamba, vijiko, chaki, na pampu imefungwa kwenye fremu. Solesheni ikishafunguliwa hukauka yenyewe hata ukiifunga vizuri. Usiku wa kuamkia safari ya Magu au Misungwi, ibonyeze kichupa chake. Ikiwa ngumu, nunua nyingine kabla hujaondoka mjini.