Kabla hujawapima vijana kujithamini, angalia neno "kujivunia"

Dodoso ninalotumia ni la Morris Rosenberg, mwanasosholojia wa Marekani, la mwaka 1965. Lina sentensi 10 tu. Alilijaribu kwa wanafunzi wa sekondari wa New York, si kwa watoto wa Kibirizi, Kigoma, wanaogeuza dagaa mchangani ndipo waje darasani. Kwa hiyo usilitafsiri usiku ukaligawa asubuhi, kama nilivyofanya mimi.

Nilikuwa nimeandika "Sina mengi ya kujivunia." Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Madam, mimi sijivuni. Vema niweke wapi?" Kwake kujivunia na kujivuna ni mamoja, na nyumbani ameonywa tangu mdogo asijivune. Nilipopita kwenye madawati nikakuta wengi wameshakubali kabisa, kwa adabu tu. Ningewahesabia kuwa wanajidharau!

Siku hizi naanza na watano au sita chini ya mwembe. Kila mmoja anasoma sentensi, kisha ananieleza kwa maneno yake, hata kwa Kiha. Sentensi ikieleweka kwa njia mbili, naiandika upya. Za kukanusha ndizo zinazosumbua zaidi.

Usipime wiki ya matokeo, wala siku watoto waliporudishwa nyumbani kwa michango. Watenganishe, waandike namba badala ya majina, na monita asikusanye karatasi. Mwenzao atazisoma tu.

Kuhesabu: "nakubali kabisa" ni 4, "nakubali" 3, "nakataa" 2, "nakataa kabisa" 1. Sentensi tano ni za kujishusha. Hizo geuza, yaani 5 toa alama yake. Jumla itakuwa kati ya 10 na 40. Mtoto aliyeteremka na safu moja mwanzo hadi mwisho bila kusoma atapata 25 daima, safu yoyote ile. Kwa hiyo ukiona 25, itazame karatasi yenyewe.

Na usichanganye kujithamini, yaani kujiona una thamani, na kujiamini. Nina kijana anayewagaragaza wenzake kwenye mdahalo, lakini alipata 17 tu.

Hakuna alama rasmi inayotenganisha mzima na mgonjwa, basi 17 sikuiandika popote. Nilimwomba anisaidie kubeba madaftari hadi ofisini, nikamuuliza habari za nyumbani. Mara ya kwanza alisema "nzuri" akaondoka. Mara ya tatu alikaa.