Namna ya kupima kama mfanyakazi wako ameridhika

Ukiwa msimamizi, usimlinganishe mfanyakazi na mwenzake. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Nashughulikia rasilimali watu katika hoteli moja hapa Arusha, na hili ndilo ninalowasisitizia wakuu wa vitengo.

Watu hawaingii kazini na mioyo inayofanana. Mwaka 1985, Barry Staw na Jerry Ross walichapisha utafiti uliofuatilia maelfu ya wanaume wa Marekani kwa miaka mitano: aliyeridhika mwanzoni alielekea kuridhika baadaye, hata alipohamia kwa mwajiri mwingine na kazi nyingine. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba wachangamfu na wenye bidii huelekea kuridhika zaidi, na wenye wasiwasi mwingi huelekea kuridhika kwa kiwango cha chini.

Kwa hiyo anzia kwenye usaili. Muulize nini kilimkera kila alikopita. Akitaja kero kila mahali, usimkatae kwa hilo, andika tu. Furaha ya miezi ya kwanza usiiandike kama ndiyo hali yake, kwa sababu ugeni una utamu wake. Ngoja aonje Julai wageni wakifurika, na Aprili ya masika vyumba vikiwa vitupu na bakshishi hakuna. Hapo muulize: ungechagua tena, ungeichukua kazi hii? Rudia swali hilohilo kila mwaka, kwa maneno yaleyale, na uhifadhi majibu.

Tuna mtunza stoo anayenung'unika tangu nimjue: shuka zimekuja na unyevu, funguo hazionekani. Hajawahi kuomba kuhama, na kuhusu shuka husema kweli. Huyo simhofii. Nilimhofia dada wa mapokezi, mcheshi kupita wote, alipoanza kula peke yake na kutoka bila kuaga. Nilimwita siku ileile. Kumbe ratiba mpya ilimtoa zamu ya usiku na kumrudisha asubuhi baada ya saa chache tu. Tukairekebisha. Watu wa aina yake hawalalamiki. Unashtukia barua ya kuacha kazi.

Mwenye wasiwasi mpe ratiba mapema, na umwambie waziwazi kazi yake ikoje, maana ukimya wako ataujaza mwenyewe.

Ila tabia ya mtu isiwe kisingizio cha kumdhulumu. Dai la ovataimu lisilolipwa lifike kwa mhasibu siku hiyohiyo, awe kalileta mnung'unikaji au mcheshi.